Kifungo cha Koti la Mkaguzi

Miaka ya tisini nilikabidhiwa darasa la watoto tisa katika shule moja ya msingi pale Kariobangi. Baadhi walikuwa na usonji, wengine walichelewa kukua kiakili. Mimi nilikuwa nimezoea kufundisha hesabu darasa la nane.

Kulikuwa na msichana wa miaka kumi ambaye hakusema neno. Nilipomwekea vizibo vya soda ahesabu, alivirusha dirishani. Mahindi, vijiti, kokoto, vyote vilipitia huko huko. Mamake, aliyeuza mitumba sokoni, ndiye aliyenifungua macho.

"Mwalimu, huyu ni vifungo tu. Nikigeuka namkuta ameshika mashati ya wateja."

Kesho yake nikaja na sweta ya vifungo. Akanisogelea, akavigusa kimoja kimoja, akanong'ona: "Moja, mbili, tatu, nne, tano." Nusura nilie.

Tangu hapo mwili wangu ukawa ubao. Kujumlisha, navaa sweta nyingine juu ya ile ya kwanza. Kutoa, nafungua vifungo. Siku moja ya jua kali mwalimu mkuu alinikuta na sweta tatu na koti la mvua, jasho likinitiririka.

"Mwalimu, uko sawa kweli?"

"Tumefika kumi na tisa, mama."

Kisha akaja mkaguzi wa shule. Koti lake lilipaswa kuwa na vifungo vitatu, lakini kimoja kilikuwa kimeng'oka. Msichana akamwendea, akapapasa, akasema kwa sauti, "Tatu toa moja, mbili."

Hakuwahi kutoa bila mimi kufungua kifungo. Nikapiga makofi. Mkaguzi akatabasamu, akataka kwenda zake. Msichana akaziba mlango kwa mikono miwili, akapiga mayowe.

"Anataka nini huyu?"

"Anataka iwe tatu, bwana mkaguzi."

Mkaguzi alingoja karibu saa nzima kwenye kibenchi cha watoto, magoti yakimfika kifuani, hadi mamake msichana alipoitwa kutoka sokoni na sindano yake. Kifungo pekee kilichoenea tundu kilikuwa cha gauni, cha kijani, chenye umbo la ua. Kikashonwa. Msichana akahesabu, akampisha.

Mkaguzi aliondoka bila kuaga. Kwenye ripoti aliandika kwamba hesabu inaendelea vizuri, ila mwalimu apunguze mavazi. Nilimsomea mama yule pale kibandani kwake. Alicheka mpaka akaketi juu ya mashati.