Mahmood Hamsubiri Mmarekani

Mahmood alikuwa na kipaji cha kudharau, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kukinoa. Aliwadharau mawaziri, watangazaji wa habari, na wateja walioingia katika duka lake la kurekebisha nguo, nyuma ya Edgware Road jijini London, wakilaumu nguo kwa kubana ilhali wao ndio walionenepa. Lakini dharau yake kubwa aliiweka kwa ajili ya Marekani.

Ilikuwa na asili yake. Mapinduzi ya Unguja yalipozuka alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake, karani wa bandarini, alifunga mlango, akakaa na redio, akawaambia watoto wake kwamba Wamarekani wana watu wao mjini, hawatakubali mambo yaharibike. Kweli manowari yao ilikuja. Ikawachukua Wamarekani, ikaondoka. Baba yake alikuwa bado ameinamia redio wanamapinduzi walipokuja kumchukua, na hakuonekana tena. Mama aliwaleta watoto London, na Mahmood akajifunza kushona kwa mjomba wake.

Uzeeni alimwajiri Halyna, fundi wa cherehani aliyekimbia Kharkiv Warusi walipoivamia Ukraine. Hakumwajiri kwa huruma, alisema. Ni kwamba pindo zake zilinyooka. Mama yake Halyna alikataa kuondoka Kharkiv, na kila adhuhuri binti alimpigia simu kujua kama yu mzima.

Aliyevuruga amani ya duka hilo ni Shiraz, mzaliwa wa Unguja pia, mfamasia mstaafu aliyekuja kutoka Stanmore kila Jumamosi kunywa chai. Shiraz alikuwa na nadharia, na hakuna aliyeponea kuisikia. Mrusi, alieleza, alimvamia jirani yake kwa sababu Washington palikuwa na mzee mpole. Sasa pamekaa mtu mkali, Mrusi atanywea.

Jumamosi moja, siku moja tu baada ya rais wa Marekani kumkaripia rais wa Ukraine mbele ya kamera, Shiraz aliingia amechangamka kama aliyeshinda kesi.

"Yule bwana angesema ahsante tu, mambo yangekwisha," alisema, kwa Kiingereza, ili Halyna asikie.

Halyna aliendelea kushona. Mahmood aliweka mkasi chini.

"Wewe Shiraz, Mrusi naye ana televisheni. Ameona mkubwa anamtukana mgeni wake sebuleni. Unadhani ameogopa? Amepiga makofi. Na wewe umepiga pamoja naye."

Akamwambia chai iliyobaki akainywe mkahawani. Shiraz alitoka huku akinung'unika kwamba siasa si za kila mtu.

Baadaye Mahmood alimgeukia Halyna. Kwa mara ya kwanza alimsimulia habari za baba yake, redio na manowari, akamshauri amtoe mama yake upesi, kwani wanaomsubiri Mmarekani huishia pabaya. Alitegemea machozi, au angalau shukrani.

Halyna alikata uzi kwa meno. "Nani amekwambia tunamsubiri? Kaka yangu yuko vitani mwaka wa tatu. Mmarekani aseme, asiseme, yeye yuko handakini. Tunamsikiliza kama watu wanavyosikiliza habari za mvua, tujue leo mama alale kitandani au chini ya ngazi. Baba yako alikaa na redio. Usitufanye sisi baba yako."

Kwa wiki kadhaa Mahmood alizungumza naye vifungo na zipu tu. Ilimuuma kwamba mwanamke ameingia dukani mwake akamsema marehemu. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akimsema moyoni miaka yote hiyo, na hakuna aliyemkataza.

Agosti, rais wa Marekani alimtandikia Mrusi zulia jekundu Alaska. Mama yake Halyna aliposikia, alifungasha mwenyewe, akasema anakuja London mpaka wakubwa wamalize kuchekeana. Halyna alikwenda kumpokea Poland.

Bibi huyo alikaa dukani kutwa. Mkate wa London aliuona sifongo, chai ya Mahmood aliiona dawa, na pindo alizokunja Mahmood alizifumua bila kuomba ruhusa. Halyna alitafsiri yote bila kupunguza. Mahmood, ambaye kwa miaka hakuwa amemtengea mtu kiti, alimtengea kiti karibu na hita.

Oktoba bibi alitaka kurudi. Amani haikuja, lakini madirisha ya nyumba yake yalihitaji kuzibwa kabla ya baridi. Mahmood alimwambia Halyna amfahamishe kwamba huo ni upumbavu.

"Anasema hakukuuliza," Halyna alijibu.

Halyna alimsindikiza mama yake mpaka Poland; Mahmood aliwapeleka kituo cha mabasi Victoria, akasimama mpaka basi likaondoka. Alipokuwa akirudi, Shiraz alimpigia simu kumhakikishia kwamba safari hii Mmarekani amemchoka Mrusi kwelikweli. Mahmood alimwacha aseme, mpaka simu ikakatika treni ilipoingia chini ya ardhi.