Ombi la Mwenzangu Mesaimeer

Wiki ile mahakama nyumbani Kenya ilikuwa imesema mashoga wana haki ya kusajili chama chao. Chama tu, jamani! Lakini habari ilipofika Doha kwenye simu zetu, tayari ilikuwa imekuzwa hadi wanaume wanafungishwa ndoa makanisani. Wanasiasa nao, ambao hawakubaliani hata juu ya bei ya unga, walipanda jukwaa moja wakitokwa na povu. Mimi nilichoka kabisa. Nashinda nikisafisha vyumba hotelini, narudi mtaani kwetu Najma miguu imevimba, nikifungua simu nakuta matusi tu.

Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko, tukaenda kanisani kule Mesaimeer, pembeni mwa jiji, kama kawaida. Baada ya ibada, kikundi chetu cha Wakenya hubaki kwenye chumba cha pembeni, kila mtu akataja haja yake, tukaombeana. Kiongozi wetu ni dereva wa familia moja kule Al Rayyan, mtu wa sauti kubwa. Siku hiyo alianza na kuiombea nchi, akaomba hadi shati likalowa: Bwana, ing'oe laana hii, waaibike wote! Watu wakaitikia amina, chumba kikatetemeka.

Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, muuguzi, alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua yanayomkaba. Mdogo wake wa kiume alikuwa amelazwa hospitali huko Eldoret. Majirani walimvamia wakitoka kwenye mkutano wa siasa, kisa anaishi na mwanamume mwenzake. Wakamvunja mguu, na huyo mwenzake akakimbia kuokoa roho yake. Baba yao naye akaapa kwamba yeyote wa nyumba yake atakayekanyaga hospitalini asirudi kwake. Na hospitali zetu tunazijua. Usipokuwa na mtu wa kukuletea chakula, utashinda na chai ya rangi.

Zamu yake ilipofika nilimshika mkono, nikamnong'oneza, "Sema ni ajali."

Akautoa mkono wake. "Naomba mniombee ndugu yangu," akasema. "Amepigwa, na hakuna wa kumpelekea hata kijiko cha chakula. Ni mmoja wa hao mliotoka kuwalaani sasa hivi."

Lo! Mtu akakohoa. Mama mmoja akauvuta mkoba wake magotini kana kwamba tumekuja kumwibia.

"Haya, ombeni basi!" nikafoka. "Ama amina zimeisha?"

Dereva akajifuta uso kwa leso. "Dada, sitakudanganya," akamwambia mwenzangu. "Mambo hayo siyakubali, na sidhani nitakuja kuyakubali."

Nikasimama, nikamvuta mwenzangu tuondoke zetu.

"Kaa chini wewe, sijamaliza," akaniambia. Akatoa simu akampigia mkewe, ambaye yuko huko huko Eldoret. "Mama Watoto, hujambo? Kuna kijana wetu amelazwa hapo karibu, hana mtu." Kisha akamgeukia mwenzangu. "Yuko wodi gani?"

Akamtajia.

"Na anakunywa uji wa nini?"

"Wa wimbi," mwenzangu akajibu, machozi yakimtiririka. "Lakini hapendi kula peke yake."

Dereva akayarudia hayo kwenye simu, tena kwa sauti yake ile ile ya maombi. Akasikiliza kidogo.

"Anasema atakaa naye mpaka amalize."