Orville Stidham Aing'oa Kabureta

Kwa miaka arobaini na minne Orville Stidham alitengeneza kabureta katika gereji ya milango miwili kwenye barabara ya John R, Hazel Park, na muda wote huo hakuwahi kusoma karatasi ya maelekezo. Hakuona haja. Aliinamia injini inayonguruma, akazungusha bisibisi robo mzunguko, akanusa moshi, akairudisha kidogo, akanusa tena. Watu walileta magari kutoka miji ya mbali kama Toledo na Lansing ili ayanuse. Walimwita Pua. Mkewe, Verna, alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye aliolewa na pua, mwanamume akaja kuongezeka baadaye.

Gari lake mwenyewe lilikuwa Pontiac GTO ya mwaka 1967, ya kijani iliyokolea, aliyoinunua mwaka 1970 kwa kijana aliyekuwa akienda vitani Vietnam. Msimu huohuo Verna alikaa kiti cha kulia kwa mara ya kwanza, kwenye barabara ya Woodward, enzi ambazo vijana walishindana pale kutoka taa hadi taa. Vijana hao leo ni wazee wenye magoti mabovu. Hata hivyo kila Agosti hurudi na magari yao, wakapita Woodward polepole kuanzia asubuhi, huku wenzao wakiwatazama kutoka kwenye viti vya kukunja kando ya njia, masanduku ya barafu miguuni. Tangu matembezi hayo yaanze, Orville na Verna hawakukosa hata mwaka mmoja, hadi 2018.

Mwaka huo mapafu ya Verna yalikuwa yamechoka. Alikuwa amepika katika jiko la shule ya msingi kwa miaka thelathini na kuvuta sigara kwa miaka arobaini, na sasa mrija mwembamba wa oksijeni ulikaa chini ya pua yake mchana na usiku. Agosti ile alijikongoja hadi kwenye Pontiac. Orville akawasha, harufu ikapanda, naye Verna akabaki ameshikilia mlango, mdomo wazi, akitafuta pumzi. Nesi aliyekuja kila Jumatano hakumung'unya maneno: huyu mama asikaribie mvuke wa petroli. Na kabureta, kwa maumbile yake, ni bakuli la petroli lenye matundu. Hata injini ikizimwa, mafuta yaliyobaki ndani hutokota na kunuka.

Masika ya 2019 daktari alimwambia Verna kwamba huenda asiuone mwaka mwingine. Walirudi nyumbani. Verna akala vijiko vitatu vya maharage na kipande cha mkate wa mahindi, akalisukuma bakuli.

"Orv, nataka kitu kimoja tu."

"Sema."

"Woodward. Mwezi wa nane. Na gari letu, siyo kile kigari cha Corinne kinachonuka sabuni."

"Kabureta itakumaliza kabla hatujatoka mtaani kwetu."

"Si uitoe, basi."

Alilisema kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Orville alikuwa amezitukana injekta, vifaa vinavyonyunyiza mafuta mahali pa kabureta, tangu zilipoanza kumnyang'anya wateja miaka ya themanini. Injini inayopimiwa mafuta na kompyuta, alizoea kusema, ni ya watu wasiojua kusikiliza. Maneno hayo aliyarudia kila sikukuu, mezani, mbele ya Corinne, binti yao wa pekee. Corinne alikuwa na miaka arobaini na saba, na kazi yake katika maabara ya kampuni moja ya magari ilikuwa hiyohiyo: kuzipangia kompyuta za injini kiasi cha mafuta cha kumwaga. Alikuwa ameifanya kwa miaka ishirini na miwili. Baba yake hakuwahi kumuuliza hata siku moja anashinda akifanya nini.

Corinne aliposikia habari, alipiga simu.

"Baba, nije Jumamosi? Siku mbili tu tunamaliza."

"Kuna nini cha kumaliza? Natoa kitu, naweka kitu."

"Hiyo siyo kabureta nyingine, Baba. Kuna pampu, kuna sensa, kuna..."

"Cori, mimi nafungua injini tangu wewe hujajua kufungua mlango."

"Najua, bwana Pua. Hazel Park nzima inajua."

"Haya basi."

"Soma maelekezo, angalau."

"Nitayasoma."

Alisoma kurasa mbili, akakiweka kijitabu kwenye dirisha la banda la gari, kopo la skrubu juu yake.

Kazi ilimchukua Juni yote na nusu ya Julai. Alifungua nati nne, akainyanyua kabureta kwa mikono miwili, akaifunga kwenye fulana safi. Mahali pake akaweka kifaa kipya chenye injekta nne. Akashusha tangi na kutumbukiza ndani yake pampu ya umeme. Akatoboa bomba la moshi ili kuchomeka sensa ya kupima moshi. Verna alimtazama kutoka dirisha la jikoni, na kila akipata pumzi ya kutosha alimpigia kelele.

"Umeshamzika?"

"Bado niko kwenye misa!"

"Usilie sana, majirani watasikia!"

Ilibaki mipira ya kuunga mabomba ya mafuta. Ukutani paling'inia mpira mrefu wa petroli uliokunjwa, mweusi, mzima, usio na ufa. Orville akakata vipande viwili, kimoja cha nyuma kwenye tangi, kingine cha mbele karibu na injini, akavibana kwa klipu. Kabureta hupokea mafuta kwa shinikizo dogo mno, la kama puto lililopulizwa na mtoto. Injekta huhitaji shinikizo mara kumi ya hilo. Ukurasa wa kumi na moja wa kijitabu ulisema, kwa herufi nene, kwamba mpira wa zamani usitumike kabisa. Lakini kwa mtu aliyezeekea kwenye kabureta, mpira wa mafuta ni mpira wa mafuta.

Alipogeuza ufunguo, injini iliwaka palepale, bila kukohoa. Orville alisimama na bisibisi mkononi, na hapakuwa na skrubu ya kuzungusha. Akainama, akavuta hewa kwa pua.

"Hainuki hata kidogo," alimwambia Verna jioni, akiwa na furaha ya mtoto. "Hata kidogo."

Verna akamtazama. Mwanamke huyo alikuwa anajua jambo ambalo mumewe hakuwahi kulikiri kwa mtu yeyote. Miaka yote ile ya petroli ilikuwa imeiua pua yake. Katika miaka yake ya mwisho gerejini alitegea sikio tu na kukisia, kisha akainama kunusa kwa ajili ya wateja waliosimama wakitazama. Verna aligundua siku mumewe alipokunywa maziwa yaliyoharibika hadi tone la mwisho. Tangu hapo aliyanusa yeye na kuyamwaga kimyakimya, akamwachia heshima yake.

Jumamosi ya tarehe 17 Agosti, asubuhi, Corinne alikuja kuwasindikiza. Kumshusha mama yake ngazi tatu za mbele kulichukua dakika kumi. Verna alikuwa amejifunga kitambaa cha njano kichwani, mtungi mdogo wa oksijeni mapajani. Akakaa, akavuta pumzi mara mbili, akasubiri. Kifua hakikumbana.

"Twende," alisema. "Kabla hujaanza hotuba."

Waliifuata barabara ya Maili Tisa kuelekea magharibi, Corinne nyuma yao na gari lake dogo. Magari ya zamani yalikuwa yameshaanza kujaza njia. Kila mtu alipiga honi, kwa sababu siku hiyo watu husalimiana kwa honi, anayefahamika na asiyefahamika. Orville alijibu kila honi. Verna alikuwa akipunga mkono.

Kwenye taa za mji wa Ferndale akaacha kupunga.

"Orv, nasikia harufu ya petroli."

"Ni la mbele yetu lile."

"Siyo la mbele."

"Verna, hili halina kabureta. Haliwezi kunuka."

"Orv."

Taa ikawa ya kijani, naye akaondoa gari. Nyuma yake honi moja ilikuwa ikilia bila kukoma. Orville akapiga yake mara mbili, akainua mkono kuitikia salamu. Akaenda hivyo nyumba kama ishirini zaidi, hadi gari la Corinne lilipompita na kumkingia njia. Corinne alitoka akikimbia.

"Zima! Baba, zima gari! Linamwaga petroli barabara nzima! Mama ana oksijeni!"

Ndipo Orville alipomgeukia mkewe. Midomo ya Verna ilikuwa ya bluu, mkono wake umeushika mkono wa shati la mumewe, naye Orville hakujua ulikuwa umeushika tangu lini. Wakambeba wote wawili hadi kwenye nyasi. Mtu mmoja asiyewajua aliinuka na kuwapa kiti chake cha kukunja. Woodward ilikuwa mbele yao, umbali wa kurusha jiwe mara tatu, na walisikia injini zikipita. Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu ya msongamano.

Alasiri, Verna akiwa hospitalini, Corinne na baba yake walirudi kwenye Pontiac, naye akafungua boneti na kuinama. Mpira ulikuwa umevimba na kulowa kwenye klipu.

"Huu ni wa kabureta," alisema.

Orville alisubiri lawama wiki nzima, hazikuja.

Siku ya tisa Verna alirudishwa nyumbani, akalazwa kwenye kitanda cha kukodi sebuleni. Katikati ya Septemba Corinne alileta mipira sahihi. Orville alimshikia taa.

"Huu unahimili kiasi gani?" aliuliza.

Corinne alimwangalia kwanza, kama mtu asiyeamini masikio yake, kisha akamweleza. Alimweleza pia jinsi kompyuta inavyojifunza injini kadiri inavyoendeshwa, na kwamba lazima mtu aifundishe pa kuanzia, na kwamba huyo mtu kazini kwao ni yeye. Orville alisikiliza kichwa kikiwa chini. Mwishoni alisema, "Nilipaswa kukuuliza zamani." Corinne akakaza klipu.

Gari likawa tayari, lakini Verna hakuweza tena kukaa dakika tano. Nesi alikataa, wala hakutaka kuombwa mara ya pili.

"Nendeni nyie," Verna alisema. "Mrudi mniambie."

"Siendi bila wewe."

"Nenda, Orv. Au nimekusumbua kiangazi chote bure?"

Wakaenda, baba na binti, hadi Woodward na kurudi. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, hakuna aliyewapigia honi. Gari lilienda vizuri kuliko lilivyowahi kwenda. Orville aliporudi aliingia moja kwa moja sebuleni, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kusimulia: duka gani limefungwa, wapi wanachimba barabara. Verna alimpa ishara asogee. Akamshika ukosi wa shati, akauvuta hadi usoni.

"Hunuki kitu," alisema.

"Ndiyo maana yake," Orville alisema. "Imefanya kazi, Verna. Haimwagi hata tone."

Verna hakuuachia ukosi. Aliunusa tena, pumzi fupifupi, kama anatafuta kitu kilichodondoka.

"Miaka arobaini na tisa," alisema, "nilikuwa najua umerudi kabla hujafungua mlango."

Orville akakaa ameinama vilevile mpaka vidole vya Verna vikalegea vyenyewe. Akamuuliza kama afungue dirisha. Verna akatikisa kichwa.

Alifariki Alhamisi ya pili ya Oktoba, asubuhi, Corinne akiwa jikoni na Orville akiwa kwenye kiti kando ya kitanda. Pontiac ilikuwa bandani, tangi limejaa, haijawahi kumfikisha Verna Woodward tangu Agosti ya mwaka 2017.