Fimbo ya Mzee Gidamis

Siku yangu ya kwanza kazini, tajiri wetu alipanga bunduki tatu ndogo juu ya kaunta ya duka lake pale Mbulu mjini, akaniuliza ipi ni bora. Nilikuwa nimetembea kutoka Tlawi asubuhi hiyo na sikuwa nimewahi kushika bunduki. Nikaonyesha iliyong'aa.

"Umechagua kwa macho," akasema. "Hujui nani anainunua wala anakwenda kupiga nini. Mteja akiingia, usimwonyeshe kitu. Muulize kwanza."

Hiyo ilikuwa enzi ya Mwingereza. Mtu hakununua bunduki bila kibali cha boma, na duka halikuuza bila leseni. Zile ndogo zilikuwa na mtutu wenye tundu jembamba kuliko penseli. Risasi zake hazina fataki katikati ya kitako kama za bunduki kubwa. Kiwashio kimewekwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki hugonga ukingo huo. Kwa hiyo risasi ni rahisi kwa bei na mlio wake ni mdogo. Inafaa kwa kanga, sungura na mbweha. Kwa fisi au nguruwe pori haifai, na aliyejaribu alimjeruhi tu mnyama akamkasirisha. Lakini msiidharau. Risasi hiyo huruka zaidi ya maili moja, kwa hiyo sharti nyuma ya mnyama kuwe na udongo wa kuizuia.

Baada ya miaka michache nilipelekwa tawi la Dongobesh, chini ya fundi wa bunduki, mtu asiyependa maneno mengi. Yeye alinifundisha kutofautisha bunduki ya risasi moja moja, ya magazini, yaani yenye kisanduku cha risasi kadhaa, na ile inayojipakia yenyewe, ambayo ni ghali na inakula risasi kama moto unavyokula nyasi. Alinifundisha pia kukagua iliyotumika.

"Tia ukucha hapa, kwenye mdomo wa chemba, risasi inapoingia," alisema. "Watu wanapenda kufyatua bunduki tupu wasikie inavyolia. Pini inagonga chuma badala ya ganda. Ukucha ukikwama, kuna kovu, na maganda yatagoma kutoka."

Tajiri alipofungua duka Katesh, alinihamishia huko, naye akalisimamia mwenyewe. Hapo ndipo alipoingia Mzee Gidamis, mfugaji wa Gehandu. Mbweha walikuwa wanamaliza wanakondoo wake, na majira ya kuzaa yalikuwa yamerudi. Alikuwa ameuza dume la ng'ombe mnadani, na kibali alikuwa nacho mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nipe ile." Alionyesha bunduki ya magazini iliyotumika, yenye kitako kizuri cha mbao nyekundu.

"Unataka kupiga nini, mzee?"

"Mbweha. Ulifikiri nataka kupiga watu wa Tlawi? Nasikia unavyoongea, wewe ni wa huko."

Waliokuwa dukani wakacheka, nami nikacheka. Nikatia ukucha kwenye chemba ya ile bunduki. Ukakwama. Nikairudisha rafuni, nikamletea mpya ya risasi moja moja, isiyo na urembo wowote, nikamwambia kwamba fedha itakayobaki itamtosha kununua risasi nyingi za kujifunzia kulenga.

"Hii ni fimbo," akasema. "Inalia?"

"Kidogo tu."

"Basi mbweha watakufa kwa kucheka."

Wafugaji wengi walipima bunduki kwa sauti, kwa sababu waliyoijua ni gobore. Nikamuuliza, "Gobore la jirani yako likilia, ng'ombe wako wanafanyaje?"

"Mwaka jana walikimbia hadi Dirma. Tuliwatafuta siku mbili."

Tajiri akaniita nyuma ya magunia ya chumvi. "Tluway, ile ya magazini imekaa hapa muda mrefu, na mteja ameitaka mwenyewe."

"Ina kovu, tajiri."

"Na hiyo fimbo ataichukia baada ya wiki. Sikiliza. Ikirudi juu ya kaunta yangu, siku hiyohiyo unaondoka kazini."

Nilikuwa na mke na watoto wanne. Nikasema sawa, nikamuuzia mzee ile fimbo.

Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Gehandu. Mzee alikuwa ametoboa vibuyu vyote vya zamani kwa mazoezi. Kulipopambazuka tulilala kifudifudi kando ya zizi, mbele yetu kichuguu kikubwa. Mbweha alitokea mbele ya kichuguu, akasimama kuwatazama wanakondoo. Mzee akafyatua, na mlio ulikuwa kama kijiti kikavu kinachovunjika. Mbweha akaanguka palepale. Mwanakondoo mmoja hakuacha hata kunyonya, na ng'ombe mmoja aliinua kichwa, kisha akarudi kwenye nyasi.

Mzee aliwatazama ng'ombe zaidi ya alivyomtazama mbweha. "Hawajashtuka," akaninong'oneza.

Mwaka huo hakupoteza mwanakondoo mwingine. Wafugaji wakaanza kuja Katesh, hata kutoka Dirma, wakiulizia "fimbo ya Gidamis," na tajiri akaagiza nyingine mara tatu. Ile ya magazini aliipeleka kwa fundi Dongobesh aondoe lile kovu. Lile onyo lake hakulifuta.

Nilistaafu muda mfupi kabla ya Uhuru. Siku ya mwisho nilikuwa nafuta kaunta Mzee Gidamis alipoingia, amezeeka, akimvuta kondoo dume kwa kamba. Akalaza ile bunduki mbele yangu.

"Nimeirudisha," akasema.

"Imeharibika?"

"Angalia mwenyewe."

Nikafungua bolti, kile chuma kinachofunga chemba, nikatia ukucha kwenye chemba. Ulizunguka bila kukwama popote.

"Mtu haonyeshi kovu tu, huonyesha na kilicho kizima. Nilitaka uione kabla hujastaafu," akasema mzee. "Na huyu kondoo ni wako. Ni mjukuu wa yule aliyekuwa ananyonya siku ile ya mbweha."

Tajiri alitoka nyuma ya magunia, akaitazama bunduki iliyolala juu ya kaunta yake, kisha akanitazama mimi.

"Nilikwambia ikirudi unaondoka," akasema, akanipa mkono.

Nikachukua kamba ya kondoo wangu, nikaondoka.