Fomu ya Dresa Buhanza

Siku yangu ya kwanza kazini, Kasulu, katikati ya miaka ya sabini, nilifika natetemeka kwa baridi. Kwetu Muheza hatukujua sweta. Karani Mkuu wa Masjala, yaani ofisi ya kutunza majalada, alinikabidhi ufunguo wa kabati la chuma.

"Kazi yako ina kufuli mbili, binti," aliniambia. "Moja ya kabati, nyingine ya mdomo."

Mle kabatini ndimo zilimokaa taarifa za siri. Nyie vijana mnaojaza fomu pamoja na wakuu wenu na kutia sahihi wote wawili, hamkuyaona hayo. Wakati wetu, kila mwisho wa mwaka mkuu wa kazi alimwandika mtumishi peke yake: bidii yake, uaminifu wake, anavyoishi na wananchi. Mwandikwa haoni. Kupandishwa cheo, kuhamishwa, hata kuachishwa, vyote vilitoka humo. Kanuni ilisema maoni mabaya lazima mhusika asomewe, lakini ni wachache waliojisumbua.

Baada ya miaka miwili nikahamishiwa Kibondo kuwa Ofisa Utumishi Msaidizi. Watu waliniita Bibi Utumishi, nami nikavimba kichwa. Mwaka huo Mganga wa Wilaya alikuwa masomoni, tukaombwa tujaze fomu za watu wake kwa kutazama majalada. Ndipo nikakutana na karatasi za Dresa Buhanza, dresa ndivyo walivyoitwa wahudumu wa tiba wakati huo, wa zahanati moja upande wa Gwarama. Ripoti zake za kila mwezi zilikuwa vurugu tupu: umri umeandikwa penye jina, dawa imeruka mstari, kurasa nyingine nyeupe. Nikaandika bila kusita: "Mzembe. Hafai kuendelea na kazi."

Mkuu wangu, Ofisa Utumishi wa Wilaya, mzee mpole wa Bukoba, alisoma akavua kofia.

"Umewahi kumwona mtu huyu?"

"Hapana, Mzee. Nimeona kazi yake."

"Umeona karatasi. Nenda kamsomee maneno yako, akiwa mbele yako."

Nilipanda lori la pamba hadi Kakonko, kisha nikatembea hadi viatu vikanishinda. Zahanatini nilikuta kina mama wamejaa barazani. Buhanza, mzee mwembamba mwenye koti jeupe lililofuliwa likachakaa, alikuwa ameweka sikio kwenye kifua cha mtoto, amefumba macho. Hakuna aliyelalamika kungoja.

"Mwakeye, mwanangu," alinisalimu kwa Kiha, akanipa kigoda chake.

Wagonjwa walipokwisha nikamsomea. Nilianza kwa sauti ya kiofisa, nikamalizia kwa kunong'ona. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ego," alisema, yaani ndiyo. "Ni kweli. Karatasi zangu ni mbaya."

"Kwa nini, Mzee?"

Akaniangalia kana kwamba ananipima. "Macho. Watu nawaona vizuri mpaka kule mgombani. Mistari ya daftari siioni."

"Na dawa?" niliuliza.

"Nazijua kwa chupa na kwa harufu. Sijakosea bado. Lakini kila chupa naishika kwa hofu."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Asiyeona hupumzishwa. Na hapa nikiondoka, hawa kina mama watabeba watoto mpaka Kibondo kwa miguu."

Nilirudi nikamwambia mkuu nataka kuichana ile fomu. Akakataa.

"Usichane. Umeandika nusu. Andika na nusu nyingine."

Nikaandika yote: macho, hatari ya dawa, kina mama barazani. Wiki ile ile akapelekwa muuguzi wa kumsomea chupa, na Buhanza akaenda hospitali ya misheni kupimwa. Nilikuwa na hofu. Kama wangesema ni upofu, kalamu yangu ndiyo ingekuwa imemtoa kazini. Wakasema ni macho ya uzee tu. Akapewa miwani.

Mwaka uliofuata nilimjazia tena, safari hii baada ya kwenda kumwona. Maoni mazuri hayakuhitaji kusomwa, na kumwonyesha mtu fomu yake lilikuwa kosa. Aliponyoosha mkono na kusema, "Lete nisome mwenyewe," nilimpa. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, machozi yakimtiririka chini ya miwani. Kisha kidole kikasimama.

"Bibi Utumishi, hapa umekosea. 'Hodari' huanza na h."

Nikachukua kalamu nikairekebisha pale pale, tukacheka mpaka muuguzi akachungulia.

Nimestaafu sasa, nimejenga Heru Juu, huko huko Kasulu, na baridi nimeizoea. Nimewaandika watumishi wengi, wengine kwa haki, wengine, Mungu anisamehe, kwa haraka. Fomu ya Buhanza ndiyo pekee iliyosahihishwa na aliyeandikwa humo, na katika zote, ndiyo ninayojua kwa hakika kwamba ilikuwa sahihi.