Mfumo wetu ulimlazimisha mama ataje jina la baba mkwe wake, ofisini wakasema test imepita

Wakuu, poleni na mihangaiko. Walionizidi umri, shikamooni.

Hii siyo chai, ni kisa cha kweli. Sina cha kuuza na sitafuti mchumba. Nina jambo limenikaa kifuani tangu masika, na mke wangu amechoka kunisikiliza, kwa hiyo leo ni zamu yenu.

Mimi ni software tester. Kwa wasiojua: developer anajenga, mimi natafuta kilichojengwa vibaya na kumwandikia. Ukilipata kosa wanakununia. Usipolipata, likapatikana na mteja, wanakuuliza ulikuwa unafanya nini. Nimezoea. Kampuni iko mbali, mimi napiga kazi nyumbani hapa Mbulu mjini, blanketi magotini maana baridi ya huku mnaijua.

Tukapewa mfumo wa kusajili watoto zahanati. Nikatumwa field mimi, kwa kuwa niko karibu. Kituo sikitaji jina, ni maeneo ya Hirbadaw kule Hanang.

Nesi wa pale ni dada wa Mbeya, mchapakazi, kaletwa huko na ajira. Yeye akakaa na tablet, mimi nyuma yake naangalia. Sheria ya kazi yetu ni kwamba humsaidii mtumiaji. Unamwacha akwame, unaandika alipokwamia.

Akaingia mama wa Kibarbaig, binti mdogo tu, mtoto anachemka homa. Jina la mtoto na la baba yake, la kwanza tu, yalikuwa kwenye kadi. Mfumo ukataka na jina la babu.

Nesi akamuuliza.

Nesi akauliza tena. Yule binti akavuta shuka akafunika mdomo.

"Hujui jina la baba mkwe wako? Si unaishi kwake?"

Wakuu, mimi ni Mmbulu, lakini shangazi yangu ameolewa na Mbarbaig, nikaelewa palepale. Kwao mke hataji jina la baba mkwe. Hata neno linalofanana na jina hilo analikwepa, anatafuta lingine. Shangazi mwenyewe sasa ni bibi, mkwe alishakufa zamani, na bado hajawahi kulitamka. Ndiyo heshima yake pale nyumbani, na mke akiivunja, hana nyingine ya kushika.

Nikamweleza nesi. Akaelewa vizuri tu.

"Sasa kaka nifanyeje? Bila jina haiendi mbele, na dawa haitoki bila namba ya mtoto. Nikitoa nje ya mfumo najibu mimi."

Nikaachana na sheria za tester, nikashika tablet mwenyewe. Nikaacha wazi, ikakataa. Nikaandika "Babu", ikakataa, jina lazima lifanane na la kwenye orodha ya kaya, na orodha yenyewe pale kituoni haifunguki. Kati ya wanawake waliokuwa kwenye benchi, wanaomjua yule mzee wote ni wake wa ukoo huohuo, nao hawawezi kumtaja. Mume yuko machungani, simu hana.

Nikampigia developer. Akanijibu, "Bro, hiyo field ni mandatory, lazima ijazwe, mteja ndiye aliitaka. Mwambie ataje tu, jina ni jina."

Angekuwa karibu ningemzaba kibao, nasema kweli.

Nikamwambia nesi atoe dawa, lawama nitabeba mimi. Akawa anaangalia mlango wa stoo, anaangalia tablet. Tukiwa tunabishana, mtoto akaanza kukakamaa. Degedege.

Yule mama akageukia ukutani, akalitaja.

Sauti ilikuwa ndogo, lakini chumba nacho ni kidogo. Benchi zima wakainamisha vichwa. Mama mmoja wa makamo akanyanyuka akatoka. Nesi akaandika, kijani ikawaka, usajili umekamilika. Mtoto akapata dawa na akapona, hilo namshukuru Mungu.

Nikaandika bug, yaani ripoti ya kosa, nikaiweka critical, nikaeleza mila yote kwa urefu kama mwalimu wa uraia. Developer akajibu, "Cannot reproduce," yaani amejaribu na kosa halimtokei. Ni kweli, ofisini kwao hakuna anayeona taabu kumtaja mkwe. Nikaifungua upya. Meneja akaifunga kabisa, akaandika: "User alikwama kidogo ila alimaliza. Test imepita."

Nilikaa nikiisoma hiyo sentensi mpaka kioo cha laptop kikazima.

Baadaye nikaenda kwa shangazi kuulizia habari za yule binti. Alishazisikia, habari kama hizo hazihitaji bando.

"Yupo kwa mume wake," akasema. "Ila maziwa akikamua yeye, mzee hanywi. Mama mkwe hapokei kitu mkononi mwake."

"Lakini shangazi, si alikuwa anaokoa mtoto?"

"Wanajua. Na mtoto wanampenda. Lakini ametaja, tena mbele za watu."

Nikauliza itaisha lini. Akaniongezea chai.

Wiki hii meneja kanitumia chati, kafurahi. Kituo kile makosa yamefika sifuri, mfumo unapelekwa wilaya nyingine. Nikampigia nesi. Akaniambia makosa yatatoka wapi wakati akina mama wa Kibarbaig hawaji tena? Wanabaki na watoto wao nyumbani.

Akasema wa mwisho kuja alikuwa yule binti. Alikuja peke yake, bila mtoto. Aliuliza kama lile jina linaweza kufutwa kwenye mashine.

Access ninayo, wakuu. Naweza kulifuta hata sasa hivi, na kesho hakuna atakayejua. Lakini hilo halitamfanya mzee anywe maziwa anayokamua binti.

Nilichojifunza ni hiki. Mdogo wangu unayeingia kwenye hii kazi, mtu akimaliza usiweke tiki kwanza. Muulize amemalizaje, na kimemgharimu nini.

Ninaomba michango, hasa ya watu wa Hanang mnaozijua hizi mila. Kuna njia ya mke kama huyu kurudishiwa heshima yake? Kama ipo, hata ndefu, niandikieni. Kama haipo, semeni pia, maana nesi anasubiri jibu langu na yule binti anasubiri la nesi.