Kereng'ende Kumi na Watatu, Beseni Moja

Wageni wa hotelini Diani humpiga picha kereng'ende akiwa ametua juu ya yungiyungi, kisha wakasema ni kiumbe mpole. Mpole! Nimemwona mpole huyo akimtafuna nzi aliye hai, akianzia kichwani. Nimeokota majike wenye matundu kichwani, maana dume humshika jike hapo kwa vibano vya mkiani, akambana mpaka akamtoboa, atake asitake. Na watoto wao ndio balaa zaidi. Hao hukaa chini ya maji, rangi ya tope, na chini ya kidevu wamekunja mdomo mrefu kama mkono. Kitu kikipita, mdomo hufyatuka, basi tena.

Mimi nasomesha bayolojia Msambweni. Hawa kereng'ende si somo langu la darasani, ni wazimu wangu. Mwaka mmoja, kwenye kijito kilicho ndani ya msitu huko juu Kwale, nilinasa jike ambaye sikumpata katika kitabu chochote. Nikamtumia picha mtaalamu mmoja wa Nairobi. Akajibu kwa ufupi: huyu hana jina, lete dume. Kazi hii ndivyo ilivyo. Aina moja hutofautishwa na nyingine kwa umbo la vile vibano vya dume, na jike peke yake hatoshi kuandikwa vitabuni kuwa aina mpya. "Bila dume mzima, mwalimu, una hadithi tu," akaniambia.

Hadithi tu! Maneno hayo yalinichoma. Misimu miwili ya mvua nilipanda na wavu wangu, nikaanguka juu ya mawe, nikafukuzwa na nyuki, na dume nisimwone hata bawa. Madume huruka juu sana, kwenye vilele vya miti. Mwisho nikafanya wafanyavyo wenzangu wakishindwa na wakubwa: nikachota watoto kwenye tope la kijito kile, nikawaleta nyumbani niwalee mpaka waote mbawa. Walikuwa kumi na watatu. Nikamweka kila mmoja katika chombo chake, vikombe, mabakuli, makopo, hata birika la marehemu mama. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kuwalea. Wawili wakikaa pamoja, mmoja ni chakula.

Sheria hiyo sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nyumbani walikwisha kunihesabu mwehu.

Ikafika hitma ya arubaini ya mama. Dada yangu mkubwa akaja kutoka Tiwi kusimamia mapishi. Huyo ndiye aliyeacha shule mama alipougua, akanilea kwa tonge na kwa kofi, na makofi yenyewe niliyastahili. Mimi nikaenda Samburu, ile ya huku huku Kwale, kununua mbuzi. Lori likatuharibikia njiani, nikachelewa siku mbili nzima. Niliporudi asubuhi ya hitma, ua umejaa, wanaume wamekaa mikekani wanasoma, na rafu yangu ya wadudu tupu. Vikombe vyangu vilikuwa kwenye masinia, vina chai ya maziwa.

Nikamwendea dada jikoni. Alikuwa akigeuza pilau.

"Dada, shikamoo. Wako wapi wadudu wangu?"

"Marahaba, mdogo wangu. Vyombo vilipungua nikavichukua. Usihofu, sikuwamwaga, wapo kwenye beseni pale. Nimewatia pamoja wapate kuonana. Maskini ya Mungu, umewafunga mmoja mmoja kama wana makosa!"

Nikainamia beseni. Vichwa vilikuwa vikielea, na miguu, na vipande vya ngozi. Pembeni mmoja alikuwa amemshika mwenzake tumboni anamla, na yule anayeliwa bado akirusha miguu. Waliobaki wenye uhai walikuwa watatu, wawili wamekatwakatwa. Misimu yangu miwili ilikuwa imegeuka mchuzi.

Mwiko ulikuwa mkononi mwake. Nikamnyang'anya nikampiga nao begani. Akageuka kunitazama, hata hakuinua mkono kujikinga, kwa kuwa haikumpitia akilini kwamba ningerudia. Nikarudia. Safari hii nikampata mdomoni. Jino la mbele likaangukia kwenye mchele uliobaki kwenye ungo, na damu ikamwagika kangani. Afadhali ningetukana.

Kule mikekani kisomo kikakatika. Shemeji yangu, mumewe, akaja mbio bila viatu, akanikamata ukosi wa kanzu, akanibwaga juu ya kinu. Ubavu ukalia, nikausikia. Akanipiga mateke, kila teke na neno lake. "Kwenye hitma! Ya mama yako! Dada yako!" Hakuna aliyemshika, wala sikuona sababu ya kumshika. Lakini nikiwa pale chini, pua imejaa damu, unajua nilikuwa nikipiga kelele gani? "Beseni! Msimwage beseni!"

Hilo ndilo watu walilolibeba kwenda nalo majumbani kwao, na lingali likisemwa.

Majuto ni mjukuu, na wangu alichukua siku kumi kufika. Siku nane za kwanza nilikuwa nimejifungia na yule mmoja mzima. Wale waliokatwa walikufa. Huyu hakupungukiwa na hata mguu mmoja, amenenepa, anang'aa. Siku ya nane, baada ya sala ya alfajiri, alipanda kijiti nilichomwekea, mgongo ukapasuka, akatoka. Nikaleta lenzi. Vibano vilikuwa pale, vimepinda kwa ndani, havifanani na vya yeyote niliyemjua. Dume! Nikacheka, na ubavu ukanikomesha.

Nilimweka chini ya chandarua siku mbili mpaka milia yake ya kijani ikakolea. Kisha, ili rangi yake isipotee akifa, nikamtia katika asetoni, ile ile ya kuondolea rangi ya kucha, niliyoinunua Ukunda. Alipiga mateke kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nikakaa namtazama akipiga mateke, na hapo ndipo nilipomwona dada akilini, ameshika mdomo wake. Nikalia kama mtoto.

Mtaalamu alipompokea alifurahi mno. Akaniambia nichague jina, kwani katika kazi hii mwenye kumwandika mdudu mpya huweza kumheshimu mtu kwa kumpa mdudu jina lake. Sikufikiri mara mbili. Nikaenda Tiwi.

Nilimkuta uani mbele ya jiko. Mdomo ulikuwa umepona vibaya, na pengo lilionekana hata alipofumba.

"Shikamoo, dada."

Hakuitikia. Nikapiga magoti mchangani. Nikamwambia nimekosa, anisamehe, sina la kujitetea. Nikamwonyesha picha kwenye simu. "Huyu atakuwa na jina lako, dada. Litaandikwa vitabuni, na halitafutika hata tukifa sote."

Akaishika simu, akaitazama kwa makini.

"Ndiye aliyebaki?"

"Ndiye."

"Aliyewala wenziwe."

"Ndiyo, dada."

"Mimi niliwahurumia wasikae wapweke. Sikujua. Ungeniambia ningejua." Akanirudishia simu. "Usimpe jina langu. Mpe lako, ndilo limfaalo."

"Haiwezekani, dada. Kwetu sisi wa kazi hii mtu hamwiti mdudu aliyemwandika kwa jina lake mwenyewe. Ni aibu."

Akaniangalia, mimi nikiwa bado nimepiga magoti.

"Kumbe aibu waijua," akasema. Akageuka kuepua chungu cha wali. Akajipakulia, akakaa, akala mbele yangu, na hakusema karibu.